Samaki wa Mti wa Mama Wanjugu

Wasikilizaji wapendwa, popote mlipo jioni hii, Naivasha, Gilgil, Molo au hapa Nakuru mjini, nawaomba mpunguze kelele kidogo mnisikilize. Leo tunamkumbuka Wanjugu wa Ndung'u, aliyezikwa Alhamisi iliyopita huko Naivasha. Alikuwa mama. Alikuwa nyanya. Na alikuwa fundi. Wengi waliomfahamu pale mtaani Kihoto walijua hayo mawili ya kwanza. La tatu walilijua wachache, na sababu ya kutolijua ndiyo itakayofanya kipindi cha leo kisiwe cha upole.

Wanjugu alitengeneza samaki wa mti. Nirudie, kwa sababu ni jambo watu wamelipotosha kwa miaka mingi. Alitengeneza samaki wadogo wa mti, urefu wa kidole cha mwisho cha mkono, wa kuvulia samaki wa kweli. Mvuvi mwenye fimbo nyembamba na uzi mwembamba anamtupa huyo samaki wa mti majini. Anamwacha ashuke taratibu. Kisha anamvuta kidogo, anamwacha, anamvuta tena. Samaki mkubwa anadhani amepata chakula. Anameza, na kumbe kuna ndoano.

Aelee kidogo tu juu ya maji, samaki wakubwa hawamjali. Azame haraka kama jiwe, wanakimbia. Ni lazima azame polepole, tumbo likiwa chini, huku akitikisika. Ndani ya tumbo la ule mti kuna kipande kidogo cha madini mazito, na kazi yote iko hapo.

Wanjugu alizaliwa mwanzoni mwa miaka ya thelathini, kwenye shamba la mzungu upande wa Ndabibi, magharibi ya ziwa Naivasha. Wazazi wake walikuwa maskwota. Walilima shamba la mtu mwingine wakaitwa wageni juu ya ardhi waliyoilima. Alipokua aliolewa na Ndung'u, kijana wa shamba hilo hilo, mkamuaji wa ng'ombe. Ndung'u alikuwa mtu wa maneno machache na mzaha mwingi. Wanjugu mwenyewe alifanya kazi katika nyumba kubwa. Alifagia, akafua, akapiga pasi.

Mwenye shamba aliitwa Bwana Pelham. Wafanyakazi walimwita Bwana Mluzi, maana alipiga mluzi kutoka chumba cha kulala mpaka zizini, na ng'ombe walianza kuteremsha maziwa wakimsikia. Bwana Mluzi alipenda kitu kimoja kuliko shamba lake. Alipenda kuvua wale samaki wa mdomo mpana ambao Wazungu waliwaleta ziwani kutoka ng'ambo.

Mwaka wa 1951, wasikilizaji wapendwa, Bwana Mluzi alipoteza samaki wake wa mti aliyempenda. Alikuwa amemwagiza kutoka Uingereza. Samaki mkubwa alimkatia uzi akaenda naye kwenye mafunjo. Duka la Nairobi halikuwa na mwingine. Siku hiyo mluzi haukusikika. Alizungukazunguka kwenye veranda, na mwisho akatupa kwenye ndoo ya takataka samaki wa zamani aliyekuwa amepasuka.

Wanjugu ndiye aliyekuwa na kazi ya kumwaga takataka. Alimwokota yule samaki. Akamfungua kwa ukucha kama mtu anayemenya njugu. Akaona kile kipande cha madini ndani ya tumbo.

Alichukua kipande cha mti wa mtarakwa kilichobaki kwenye nguzo za ua. Akachonga. Wa kwanza alielea kama kijiti. Alipomwekea madini kichwani, wa pili alizama pua kwanza. Wa tatu alilala ubavu. Alikuwa akiwajaribu kwenye karai la kuogeshea mtoto. Bintiye wa kwanza, Wangui, alikuwa mdogo, na mara nyingi alitolewa majini akilia ili samaki wa mti waingie. Wangui mwenyewe ametuambia hayo kwa kicheko. "Mimi nilikuwa naoga na maji yaliyobaki," alisema. "Samaki kwanza, mtoto baadaye."

Madini aliyapata kwenye betri kuukuu ya trekta. Aliyayeyusha ndani ya kopo juu ya mafiga, akayamwaga kwenye vijishimo vya udongo. Yakipoa yalikuwa vipande vidogo, vya ukubwa wa punje za mahindi mabichi. Akatoboa tumbo la mti, akaingiza kipande mbele kidogo ya katikati, akaziba kwa gundi ya mti, akapaka rangi iliyobaki kwenye mashua ya Bwana. Halafu akamwachilia kwenye karai. Yule samaki akashuka akitikisika taratibu, kama mtu anayetikisa kichwa kukataa. Akafika chini bila kulala ubavu.

Alimpelekea Bwana Mluzi. Bwana alimgeuzageuza mkononi. Akauliza, "Nani ametengeneza hii?"

"Ni mimi, Bwana."

"Wewe na nani?"

"Mimi na karai."

Akacheka. Akamfungia ndoano zake, akaenda ziwani. Jioni alirudi na mluzi, na tangu siku hiyo Wanjugu akawa na kazi mbili, ya nyumba na ya samaki.

Sasa nisimame kidogo hapa, kwa ajili ya vijana wanaosikiliza. Kwa Wakikuyu wa wakati ule, samaki hakuwa chakula. Alihesabiwa pamoja na nyoka. Hakuingia nyumbani, hakuingia kwenye chungu. Kwa hiyo mwanamke wa Kikuyu aliyeketi mlangoni akichonga samaki alikuwa kichekesho cha kambi nzima. Rahab, jirani yake tangu siku hizo, sasa anatembea kwa mkongojo lakini ulimi wake bado uko na nguvu. Alituambia hivi:

"Tulikuwa tunapita kwake kwa makusudi. Tunamwambia, Mama Wangui, hao watoto wako wa mti wamekunywa uji? Anasema, wamekunywa maji tu, na hakuna hata mmoja anayelala njiani kama bwana wako. Nami nashika njia yangu, maana ni kweli."

Ndung'u naye hakuvumilia hata harufu ya samaki. Alimwambia mkewe, "Chonga unavyotaka. Lakini siku mmoja wao atakapoingia kwenye sufuria yangu, mimi nahamia kwa ng'ombe."

Wanjugu hakuwahi kuonja samaki. Alijua tabia zao majini kuliko wengi waliowala, lakini hakuwahi kuwaonja. Lishikeni hilo, wasikilizaji, maana ndilo lililomponza.

Mwaka wa 1953 Bwana Mluzi alialika wageni kunywa chai kwenye veranda. Walikuwa wavuvi wenzake wa pale ziwani. Miongoni mwao alikuwa inspekta mmoja wa polisi, mtu mrefu mwenye masharubu mekundu. Wanjugu alikuwa amebeba sinia. Inspekta alimwinua samaki mmoja wa mti kwenye mwanga, akauliza anatoka duka gani. Wanjugu hakujua Kiingereza kingi, lakini alijua cha kufagilia nyumba, na hicho kilitosha.

Bwana Mluzi alisema, "Natengeneza mwenyewe, usiku usingizi ukikataa. Kazi ya mikono inapumzisha akili."

Wageni walimsifu. Bwana Mluzi aligeuka, akakutana na macho ya Wanjugu. Akasema, "Ongeza maziwa."

Wanjugu akaongeza maziwa. Jioni alimweleza mumewe. Ndung'u alicheka mpaka akashika mbavu. "Mwache," alisema. "Mzungu kuiba samaki wa mti ni afadhali kuliko kuiba ng'ombe wa kweli." Ndivyo walivyolichukua, kama uongo wa mtu mzima anayetaka kusifiwa. Hawakujua kwamba uongo huo ungekuja kumfunga mtu.

Ilipofika 1954, Hali ya Hatari ilikuwa imefika kila shamba. Mkikuyu hakwenda popote bila kipande, yaani kibali cha kutembea. Vikundi vya mchujo vilizunguka mashambani, vikiuliza nani amekula kiapo cha wapiganaji wa msituni, nani anawapelekea chakula. Asubuhi moja lori liliingia shambani kwa Bwana Pelham. Aliyeshuka wa kwanza ni yule inspekta wa masharubu mekundu. Nyuma yake walikuwa askari, na Mkikuyu mmoja wa kikundi cha mchujo aliyeitwa Waithaka.

Walipekua nyumba moja moja. Kwa Wanjugu, Waithaka alitoa chini ya kitanda lile kopo la kuyeyushia, vile vijishimo vya udongo, na vipande vya madini vilivyokuwa tayari. Samaki waliokamilika hawakuwepo hata mmoja. Wanjugu alikuwa amewapeleka wote nyumba kubwa siku iliyotangulia. Kilichobaki ni vumbi la mtarakwa sakafuni.

"Hizi ni za nini?" Waithaka aliuliza.

"Ni za samaki," Wanjugu alijibu. "Za kuweka tumboni wazame. Namtengenezea Bwana."

Waithaka alicheka kwanza. Halafu akaacha kucheka. "Mama, usinidharau. Mimi na wewe ni watu wa nyumba moja. Mama yako alikupikia samaki lini? Mimi wangu hakunipikia. Mkikuyu na samaki wanajuana kutoka wapi?"

"Siwali. Nawachonga tu."

"Huwali, unawachonga." Aliwageukia askari. "Mmesikia? Hizi ni za bunduki za msituni. Mtu anayeyusha madini ndani ya nyumba yake halafu ananiambia habari za samaki."

Waithaka alidhani kwamba anamjua mwanamke huyu kwa sababu anawajua watu wake. Lilikuwa kosa ambalo Mkikuyu tu angeweza kulifanya. Mgeni asiyejua mila zetu labda angeuliza swali la pili.

Askari mmoja alimshika Wanjugu mkono. Mgongoni alikuwa na Wangui. Ndung'u alikuwa amefika kutoka zizini, bado ana ndoo. Aliweka ndoo chini, akasema, "Mwacheni. Ni zangu."

"Si zake," Wanjugu akasema. "Ni zangu mimi. Muulizeni Bwana."

Na Bwana alikuwepo, wasikilizaji wapendwa. Hakuwa mbali. Alikuwa amesimama kando ya lori, mikono mfukoni. Inspekta alimwita. Alimuuliza kwa Kiswahili, ili watu wote wasikie, kama ni kweli mwanamke huyu anamtengenezea samaki wa kuvulia.

Bwana Mluzi alimtazama inspekta, yule yule aliyemsifu kwenye veranda. Halafu akasema, "Sijui anasema nini. Mimi hutengeneza zangu mwenyewe."

Nitarudia maneno hayo, kwa kuwa ndiyo yaliyomfunga Ndung'u. "Mimi hutengeneza zangu mwenyewe." Hakuna aliyemtishia bunduki. Hakuna ambaye angemchukulia shamba. Angesema kweli, wenzake wangemtania mwezi mmoja au miwili pale ziwani. Basi. Aliupima utani huo na maisha ya mkamuaji wake, akaona utani ni mzito zaidi.

Ndung'u, kwa kuwa alisema ni zake, ndiye aliyepandishwa kwenye lori. Hakupelekwa mahakamani. Hakusomewa kesi. Alipelekwa kizuizini, mbali, kwenye jua, akiitwa mtengeneza risasi. Ndoo ya maziwa ilibaki hapo uani mpaka Rahab alipoiondoa.

Kwa muda mrefu baadaye, Wanjugu alifagia nyumba ya Bwana Mluzi. Mtaniuliza aliwezaje. Angekwenda wapi, bila kibali, na mtoto mgongoni? Kila alipopata nafasi alimwomba. "Bwana, mwambie inspekta. Neno moja." Bwana Mluzi alisema atasema. Alisema si wakati mzuri. Alisema inspekta amesafiri.

Halafu siku moja alimjia jikoni, akajikuna shingo. "Wanjugu, nimebakiwa na samaki wawili tu. Mashindano yanakuja."

Wanjugu aliweka pasi chini. "Si Bwana hujitengenezea mwenyewe?"

Rahab alikuwa anaosha vyombo. Anasema aliinamia beseni uso wake usionekane. Bwana Mluzi alikuwa mwekundu hadi masikioni, lakini hakuondoka. Alishusha sauti. Alisema kama atapata samaki kabla ya mashindano, atazungumza na inspekta siku hiyo hiyo, pale ziwani.

Wanjugu alichonga. Wasikilizaji, hebu fikirieni mikono ile. Alikaa juani mlangoni, ambapo kila mtu angemwona, akayeyusha madini yale yale yaliyompeleka mumewe kizuizini. Safari hii hakuna askari aliyekuja, kwa kuwa Bwana alitaka samaki. Alichonga, akapaka rangi, akajaribu kwenye karai kila mmoja. Wale walioshuka kombo aliwatia motoni. Walioshuka sawasawa aliwapeleka.

Siku ya mashindano, Bwana Mluzi alirudi na kikombe cha fedha. Wanjugu alimpokea mlangoni. "Umesema, Bwana?"

"Palikuwa na watu wengi," alisema. Akaingia ndani akipiga mluzi.

Jumamosi iliyofuata Wanjugu alimfunga Wangui mgongoni, akatembea mpaka mahali Wazungu walipokutania ziwani. Mlinzi wa getini alijaribu kumzuia. "Mama, hapa huwezi ingia. Utanifukuzisha kazi."

"Wewe sema hukuniona," Wanjugu alimwambia. "Wengi wanasema hivyo siku hizi, na hawafukuzwi."

Mlinzi alisogea.

Aliwakuta kwenye nyasi, wamekaa na vinywaji. Inspekta alikuwepo. Bwana Mluzi alikuwepo. Wanjugu alisimama mbele yao, akatoa kwenye kitambaa kipande cha mtarakwa na punje ya madini, akaviweka mezani katikati ya glasi. Kisu hakubeba. Aliogopa kisu kingemfunga kabla hajafungua mdomo.

"Bwana," alisema, "tengeneza moja hapa."

Bwana Mluzi aliutazama ule mti. Inspekta alimtazama Bwana Mluzi, na Wanjugu aliona usoni mwake kwamba ameelewa. Hakubaki na shaka. Alikuwa ameelewa kila kitu, tangu veranda mpaka lori. Na wanaume wengine pale walielewa pia, maana mmoja alikohoa na mwingine akaanza kutafuta kiberiti mfukoni. Wanjugu alingoja.

Inspekta alisimama. Akasema kwa sauti ya chini, karibu ya huruma, "Mama, nenda nyumbani."

Hicho ndicho kilichonikasirisha kuliko yote nilipokuwa nikikusanya habari hizi. Tunapenda kusema kwamba watu wakijua ukweli, haki itatendeka. Wale walijua. Walikuwa na simu pale ndani. Walikuwa na mtu mwenye cheo cha kuandika amri. Walijua, wakaagiza vinywaji vingine. Ndung'u alibaki kizuizini, si kwa sababu ukweli ulifichika, bali kwa sababu kuutamka kungeharibu Jumamosi.

Kabla ya wiki kwisha Wanjugu alifukuzwa shambani. Alipakiwa kwenye lori pamoja na mtoto, akapelekwa Murang'a, kwenye kijiji kilichozungushiwa handaki, mahali alipokuwa hajawahi kulala. Huko ndiko Ndung'u alikomkuta alipoachiliwa mwishoni mwa 1957. Alikuja amekonda, na kila alipokohoa kifua chake kililia kama ngozi kavu. Kabla ya kukaa aliuliza, "Alisema?"

"Hakusema."

Ndung'u alikaa. Akasema, "Wewe ni fundi, Mama Wangui. Uliwadanganya samaki, na hata askari walimeza." Wanjugu alicheka, halafu akalia, halafu akamtengea chakula. Ndung'u hakupona kile kifua. Alifariki mwaka wa 1959, akiwa bado kwenye vitabu vya serikali ni mtengeneza risasi.

Wanjugu alirudi Naivasha na kulea watoto wake kwa kuuza mboga. Na nchi ilipopata Uhuru, wasikilizaji wapendwa, jambo la ajabu lilitokea. Lile lililokuwa kosa likawa sifa. Walikuja watu wenye koti na tai kumwambia mumewe atatajwa miongoni mwa mashujaa waliotengenezea wapiganaji silaha. Wengine wangekubali. Angepewa kiti cha mbele katika sherehe. Wanjugu aliwakaribisha chai, akawaambia, "Mume wangu hakutengeneza risasi. Wako waliotengeneza, kawatafuteni hao. Huyu alikamua ng'ombe, na alichukuliwa kwa ajili yangu. Mkimpa sifa ya uongo, mtakuwa mmesema kwamba yule aliyemfunga hakukosea."

Hawakurudi tena. Lakini hawakuacha kumwita Ndung'u fundi wa risasi.

Alhamisi iliyopita, kaburini, mshereheshaji alishika kipaza sauti akatangaza kwamba tunamzika mjane wa shujaa Ndung'u, fundi wa risasi. Watu walipiga makofi. Wangui, ambaye sasa ni nyanya, alitoka kwenye viti vya familia. Alinyoosha mkono. Mshereheshaji akamwambia, "Shosho, ngoja, ratiba iko karibu kuisha." Wangui hakuushusha mkono mpaka alipopewa kipaza sauti.

Alisema, "Baba yangu hakutengeneza risasi. Mama yangu alitengeneza samaki. Alikuwa fundi, na watu wazima walijua, wakanyamaza akiwa mbele yao. Msimzike na uongo huo."

Makofi hayakuwepo. Wengine walisema amevuruga mazishi. Mimi nasema yale ndiyo yalikuwa mazishi yenyewe.

Kwa Wangui na ndugu zake, kwa wajukuu na vitukuu, kwa Rahab aliyebaki bila mtu wa kutaniana naye, poleni sana. Mungu ampumzishe Wanjugu kando ya Ndung'u wake. Nanyi wasikilizaji wapendwa, kabla hamjalala, mtafakari jambo hili. Huenda kuna mtu ambaye unajua ukweli wake, na ukweli huo ungemfaa. Usimngoje kaburini. Nenda ukauseme angali anasikia, na uuseme mbele ya watu wale wale ambao mbele yao uliunyamazia.